Sifa Hupelekwa kwa Miguu

Mwimbaji wa taarab akikaribia ubeti wa pili, kina mama ukumbini huanza kufungua mikoba. Mmoja anatoa noti ya elfu mbili, anaikunja kwa urefu na kuishika kwa vidole viwili. Mwingine anamgusa jirani yake bega amvunjie mwekundu wa Msimbazi, noti ya elfu kumi, apate za elfu moja moja. Bado hawajainuka. Bashraf imekwishapigwa kufungua usiku, fidla zimejibizana na kanuni, sauti ya mwimbaji kila mtu ameisikia kuwa ni nzuri, na watu wametulia kwenye viti. Mgeni aliyekaa nyuma anaweza kudhani wimbo haujapendwa. Kumbe wanasubiri maneno. Linapokuja neno lenyewe, lile linalomkuta mtu na jambo lake, wanawake sita saba wanainuka kwa pamoja kutoka pembe mbalimbali za ukumbi, na njia ya katikati inajaa.

Tazama wanavyokwenda. Hakuna anayeharakisha. Mkono uliobeba noti umenyanyuliwa juu ya kichwa, noti inaonekana hata na aliyeko mlangoni. Mabega yanaufuata wimbo, hatua ni fupi fupi, kikuba cha asumini kimebandikwa kifuani na harufu yake inamfikia kila aliyekaa pembeni ya njia. Mmoja anasimama katikati ya safari, anageuka upande wa meza fulani, anaurudia ubeti kwa midomo bila kutoa sauti, kisha anaendelea. Wakifika mbele wanacheza kidogo, uso kwa uso na mwimbaji. Noti inatolewa kwa mkono wa kulia. Mwimbaji anaipokea kwa kuinamisha kichwa, ubeti haukatiki, anaibana kwenye kiganja cha kushoto au anaiangusha kwenye sinia lililo karibu. Mtoaji anarudi kwenye kiti chake kwa hatua zile zile, na wa nyuma yake anasogea.

Huko ndiko kutunza. Aliyelelewa Unguja atashangaa kuwa kuna haja ya kuandika habari zake. Naandika kwa sababu naamini hii ni miongoni mwa njia bora kabisa ambazo binadamu wamejiwekea za kumwambia mwenzao hadharani kuwa amefanya vizuri, na kwa sababu naona tunaiacha ipungue kwa mambo madogo madogo, kama kimo cha jukwaa na namna viti vinavyopangwa.

Ubora wake hujitokeza ukiuweka mbele ya makofi. Katika ukumbi wa watu mia tano, makofi ya mtu mmoja hayana mwenyewe. Anaweza kupiga kwa kuwa kaguswa, au kwa kuwa jirani yake kapiga, au kwa kuwa kunyamaza kutaonekana vibaya. Mikono ikishatulia hakuna awezaye kusema nani alipiga na nani alikaa kimya. Wenye mamlaka wameligundua hilo tangu zamani. Suetonius, mwanahistoria wa Kirumi, ameandika kwamba Mfalme Nero alivutiwa na makofi ya mdundo ya watu wa Iskandaria, akakusanya vijana zaidi ya 5,000 na kuwafundisha mitindo mitatu ya kupiga makofi, iliyopewa majina ya mvumo wa nyuki, vigae vya mgongo na vigae bapa, wawe wanampigia kila anapoimba. Viongozi wa vijana hao walilipwa. Na Paris katika karne ya 19, ukumbi wa Opera ulikuwa na kundi zima la wapiga makofi wa malipo. Kiongozi wao mashuhuri, Auguste Levasseur, alikaa na wenye ukumbi kabla ya onyesho wakakubaliana ni wapi pa kupiga na kwa nguvu kiasi gani.

Unguja tumeigeuza hesabu hiyo. Kule mwenye jukwaa alimlipa anayesifu. Huku anayesifu ndiye anayelipa, kwa fedha yake, na watu wote wanamwona usoni. Hawezi kujificha ndani ya kelele za wengine. Hata wakiinuka wengi pamoja, kila mmoja ametembea na noti yake, na kila aliyekuwepo ameandika moyoni kuwa fulani binti fulani aliinuka kwenye ubeti ule.

Waliotuachia methali ya mcheza kwao hutunzwa hawakuwa wakizungumzia ukumbi wenye viti na vipaza sauti. Walikuwa uwanjani, kwenye ngoma, ambako mchezaji aliyewapendeza watu alifuatwa mle mle alimo na kupewa kile mtu alichonacho. Na wameweka sharti: kwao. Anayekutunza anakujua, anamjua mama yako, na kesho mtakutana Darajani mkinunua samaki.

Taarab yenyewe iliingia Unguja ikiwa burudani ya jumbani. Kwa masimulizi yaliyozoeleka, Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliupenda muziki wa Misri akampeleka Muhammad Ibrahim kule Cairo kujifunza kupiga kanuni. Mwaka 1905 vijana wa mjini wakaunda Nadi Ikhwan Safaa, klabu ambayo ipo hadi leo, wakaagiza vyombo kutoka Misri na kuimba nyimbo za Kiarabu. Ulikuwa muziki wa majlisi za wenye nafasi. Wengi wa watu wa mitaa ya Ng'ambo wangeweza kusikia uzuri wa sauti ile lakini si kisa kilichomo.

Kisha akaja Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba mnamo 1880, mjini alikuja akiuza vyungu, akakaa Ng'ambo, akaimba kwa Kiswahili. Mwaka 1928 yeye na wenzake walivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri, na baadaye Shaaban Robert akamwandikia wasifu wake. Anatajwa sana kwa hizo santuri, na ni haki yake. Lakini mimi namtaja kwa jambo jingine. Aliimba habari za watu wale wale waliokaa mbele yake, kesi za mahakamani, dhuluma za wenye nguvu, mapenzi na usaliti wa mtaani, kwa lugha ambayo mchukuzi wa bandarini na mwanamke anayekuna nazi waliielewa neno kwa neno. Sitasema kuwa kutunza kulianza kwake, maana ngoma zilikuwepo kabla yake na watu walitunzwa. Ninachosema ni kuwa msikilizaji anapoyaelewa maneno, sifa yake hupata pa kutua. Haitui kwenye sauti tu, inatua kwenye ubeti.

Ndiyo maana hadi leo, katika ukumbi wowote wa harusi kuanzia Kikwajuni hadi Makunduchi, watu hawamtunzi mwimbaji wimbo unapoanza wala unapokwisha. Makofi husubiri mwisho. Kutunza kuko katikati, wakati jambo bado lina moto. Mwimbaji mzoefu anajua. Akiona watu wanainuka anaurudia ubeti, mara mbili, mara tatu, mpaka wa mwisho kwenye foleni awe amefika. Wapigaji wanamfuata. Wimbo wa dakika kumi unaweza kufika ishirini, na urefu huo haukupangwa na mtu yeyote aliyeko jukwaani.

Hapa pana jambo ambalo anayesifu kutunza hapaswi kulificha. Yule mwanamke aliyesimama katikati ya njia na kugeukia meza fulani hakuwa akimsifu mwimbaji peke yake. Alikuwa akimwambia mtu: umesikia? Ubeti umemtumikia. Yeye hakutamka neno la ugomvi, noti imesema, na aliyeambiwa anajua, na aliyekaa karibu naye anajua. Kesho yake barazani mjadala hauwi juu ya sauti wala fidla. Unakuwa juu ya nani aliinuka wapi, alimwangalia nani, na yule alijibu kwa kuinuka ubeti gani. Nyimbo zimewahi kuombwa zisiimbwe kabisa katika harusi fulani kwa kuwa wenye harusi walijua zitakakoangukia.

Tabia hii ni ya zamani. Ngoma za lelemama zilikuwa na mashindano yake ya mafumbo na mavazi, na katikati ya karne ya 20 vikundi vya taarab vya wanawake vya Unguja, kama Royal Navy na Nuru l-Uyun, vilirithi ushindani huo. Taarab ya kisasa, ile ya rusha roho iliyoshika kasi miaka ya 1990 na makundi kama East African Melody, imelilegeza fumbo na kuuweka mpasho wazi zaidi. Khadija Kopa, aliyelelewa kisanii Culture Musical Club kabla ya kwenda bara, amekuwa malkia wa uwanja huo, na kila anaposimama watu huja na noti zao tayari na nia zao tayari.

Wapo wanaoona hilo ni uharibifu wa sanaa. Siwafuati mpaka mwisho. Mji Mkongwe ni mji wa nyumba zilizobanana, ukuta mmoja kwa familia mbili, na watu wake wamefundishwa tangu utotoni kusitiri na kuvumilia. Mwanamke aliyedhulumiwa na wifi yake mwaka mzima, akanyamaza mwaka mzima, anapata usiku mmoja wa kuinuka mbele ya mji na kuonyesha kuwa anajua. Hajamtukana mtu. Amemtunza mwimbaji. Ukimwondolea hilo, sioni ni wapi pengine atakapolisemea.

Ukitoka ukumbini ukaingia msikitini, sheria zinabadilika zote. Ndani ya sala kofi lina kazi yake, na kazi hiyo si kusifu: imamu akikosea, mwanamume aliye nyuma yake husema subhanallah, na mwanamke hupiga kofi. Kofi ni tahadhari kwamba kuna kosa. Na kwa kuwa Kurani, katika Sura ya Anfal, inawataja washirikina wa Makka ambao ibada yao kwenye Nyumba Tukufu ilikuwa miluzi na makofi, masheikh wengi hawapendi kusikia makofi kwenye jambo la dini. Basi msomaji Kurani mwenye sauti akimaliza aya kwa pumzi moja, utasikia "Allah!" ikipanda kutoka kwenye majamvi, na mtu mmoja ataita takbiri, wote wataitika. Kwenye maulidi watu husimama pamoja kinapofika kisimamo, chetezo cha udi kinapita, mrashi unanyunyiza marashi kwenye viganja na mabegani. Kwenye Maulidi ya Homu, ambayo kikundi cha Mtendeni kimeyahifadhi kwa ufundi mkubwa, safu ya wanaume waliopiga magoti huyumba kama wimbi moja kwa sauti ya matari, na anayependezwa hana la kufanya ila kuyumba nao alipokaa.

Hiyo "Allah!" ni ile ile iliyomfanya mwimbaji Umm Kulthum arudie sentensi moja mara chungu nzima katika maonyesho yake ya Alhamisi ya kwanza ya mwezi kule Cairo, ambayo redio iliyafikisha hadi pwani yetu. Waliokuwa wakisikiliza Unguja walijifunza kutoka kwa msikilizaji wa Cairo na kutoka kwa mwimbaji kwa wakati mmoja. Wazee wa Ikhwan Safaa mpaka leo, fundi wa udi akipiga taksimu ikawaingia, hawapigi makofi. Wanafumba macho na kumtaja Mungu.

Na kuna woga ndani ya sifa zetu ambao makofi hayaujui kabisa. Mtoto mchanga akionyeshwa mgeni, mgeni asiyesema Mashaallah anaonekana ana hatari. Nyumba nzuri, nywele ndefu, mashua mpya, chochote kinachosifiwa kavukavu kinaweza kupatwa na jicho. Kwa hiyo sifa hutolewa ikiwa imefungwa ndani ya dua. Hata mwimbaji anayetunzwa sana hupenda kusikia Mashaallah katikati ya vigelegele.

Vigelegele ni mlango wa peke yake. Ni mali ya wanawake, na mwanamume hana namna ya kuingia. Sauti inatoka kooni, ulimi unaipasua vipande vipande, na kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe inapiga ukuta hadi ukuta na kufika mitaa ambayo watu wake hawaijui harusi yenyewe. Ndoa imefungwa msikitini, wanaume wanarudi na bwana harusi. Kabla hawajafika mlangoni bibi mmoja dirishani ameshapiga kigelegele cha kwanza, wa ndani wameitikia, na muuza mboga wa kona ya tatu anajua kuwa mambo yamekwenda sawa. Bi harusi akitolewa ukumbini, vigelegele humtangulia. Matokeo ya mtihani yakitoka, kigelegele kikisikika nyumba fulani, majirani hawahitaji kuuliza kama mtoto amefaulu. Sifa hapa ni taarifa pia, na anayeitoa anawajibika nayo: huwezi kupiga kigelegele cha jambo ambalo halikuwa.

Nilifurahi nilipoona mara ya kwanza kwamba hata taarifa rasmi za Bunge la Tanzania zinaheshimu tofauti hii. Waandishi wa Bunge, wakinukuu hotuba, huweka kwenye mabano neno "Makofi" pale wabunge walipogonga meza au kupiga viganja, na mahali pengine huandika "Makofi/Vigelegele". Mtu akaona kuwa sauti zile mbili si kitu kimoja, akaziandika zote mbili kwenye kumbukumbu za taifa. Nampa heko.

Makofi tunajifunza skuli. Mwanafunzi anajibu sawasawa, mwalimu anasema mpigieni makofi, darasa zima linapiga kwa mdundo na kukoma kwa pamoja. Ni jambo jema kwa mtoto wa miaka saba aliyeinuka akitetemeka. Ila amri ile hatuiachi skuli. Inatufuata kwenye mikutano, kwenye uzinduzi wa kisima, kwenye mahafali, ambako mshereheshaji anasema makofi tafadhali kabla hata mgeni rasmi hajasema alilokuja kusema. Kwenye viwanja vya siasa kuna miito na maitikio, anayeita "Mapinduzi!" anajua kuwa atajibiwa "Daima!", na wa upande mwingine nao wana wao. Maitikio ya namna hiyo yana nguvu zake za kuwafanya watu wajihisi ni wamoja. Lakini hayampi msemaji habari yoyote. Yangekuja vilevile angekuwa amesema vizuri au vibaya. Mwimbaji wa taarab aliyeimba vibaya haitikiwi na mtu. Anaimba mpaka mwisho mbele ya njia tupu, na anarudi kukaa akijua. Ni ukali mkubwa huo, na umewajenga waimbaji wetu kuliko mafunzo mengi.

Sasa nije kwenye njia yenyewe, maana ndipo shughuli ilipo.

Kutunza kunahitaji vitu vichache: nafasi ya kupita kati ya viti, jukwaa ambalo mtu aliyevaa nguo ndefu na viatu virefu anaweza kulifikia au kulipanda, na taa zinazomwonyesha anayetembea. Kumbi nyingi za zamani zilikuwa na hayo bila kukusudia, kwa kuwa hazikuwa na jukwaa la maana. Wapigaji walikaa kwenye viti sakafuni au juu ya kibao cha kimo cha ngazi moja. Majukwaa mengi yanayojengwa siku hizi kwa matamasha yana kimo cha kifua cha mtu. Mbele yake pana uzio wa chuma, nyuma ya uzio pana spika na walinzi, na taa zote zinamwelekea mwimbaji huku wasikilizaji wako gizani. Nimemwona mama wa makamo akienda na noti yake, akacheza hadi kwenye uzio, akanyoosha mkono, mwimbaji akainama asimfikie, mlinzi akaja akaichukua noti ile na kuipeleka. Ilifika. Lakini yule mama hakurudi akicheza. Alirudi akitembea.

Ngome Kongwe, ambayo Waomani waliijenga baada ya kuwaondoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17, kwa miaka mingi imekuwa moyo wa maonyesho ya mjini, na tangu 2004 tamasha la Sauti za Busara limeleta humo wasanii na wasikilizaji kutoka nchi nyingi. Faida yake kwa wanamuziki wetu sina haja ya kuieleza. Wageni wamekuja na adabu yao ya kusikiliza: kimya wakati wa wimbo, makofi mwishoni, na wakipendezwa sana wanasimama. Ni adabu nzuri kwao. Tatizo linakuja pale kijana wa Unguja anapoanza kuona kuwa ile ndiyo adabu yenyewe na ya bibi yake ni fujo. Fatma binti Baraka, Bi Kidude, alizijua zote mbili. Alikuwa fundi wa unyago na msondo kabla dunia haijamjua. Mwaka 2005 akapewa tuzo ya WOMEX kule Uingereza na kumbi za ugenini zikamsimamia kwa makofi. Na hata uzeeni, kabla ya kufariki Aprili 2013, aliendelea kupiga ngoma kwenye mikusanyiko ya wanawake, ambako hakuna uzio na hakuna jukwaa.

Simu nayo imechukua mkono. Zamani mkono uliokuwa huru ulibeba noti. Sasa umebeba simu inayorekodi. Ukumbini utaona safu mbili za mbele zimejaa vioo vinavyong'aa, na mwenye kurekodi hainuki kwa sababu akiinuka picha itatikisika. Huyu naye ameupenda wimbo, sina shaka. Ila mwimbaji hawezi kumtofautisha na anayerekodi kwa mazoea tu.

Wapo wanaopinga kutunza kwa hoja nzito kuliko ya fujo. Wanasema ni riya, kujionyesha, na kwamba mwanamke asiye na kitu hulazimika kukopa ili asionekane hana. Yametokea, na yanaumiza. Ila ukumbi unaojua kutunza haupimi noti. Mwenye noti za elfu moja moja anayezitoa kila moja kwenye ubeti wake huonekana kuwa msikilizaji kuliko aliyemwaga elfu kumi mara moja na kukaa. Nimeona sarafu ya mia tano ikipokelewa kwa kichwa kile kile kilichoinama. Na nimeona bibi asiye na kitu mkononi akienda mbele, akacheza, akampangusa mwimbaji jasho kwa ncha ya leso yake, akarudi, na ukumbi ukampigia vigelegele vilivyozidi vya wote.

Fedha zile si ndogo kwa kikundi. Harusi hulipa bei iliyopatanwa, na sehemu kubwa huishia kwenye usafiri, vyombo na wapigaji. Kilichoanguka kwenye sinia ndicho kinachomfanya mwimbaji arudi nyumbani na kitu. Kila kikundi kina kanuni yake, pengine ni cha mwimbaji, pengine kinagawanywa. Usiku ukisha, wakati nyaya zinakunjwa, wanaijadili njia. Wimbo upi uliinua watu, ubeti upi ulirudiwa, upi ulipita kavu. Orodha ya harusi ijayo hutoka humo.

Katika mazungumzo hayo kuna mtu ambaye mara nyingi hayupo. Nimesema tangu mwanzo kuwa watu huinukia maneno. Maneno yana mtunzi. Katika vikundi vya Unguja ni kawaida shairi litoke kwa mtu mmoja, mwingine alitie sauti, wa tatu aliimbe, na noti zote zimfikie huyo wa tatu. Watunzi wengi, wanawake hasa, wamependa iwe hivyo. Shairi limebeba siri ya nyumba yao na hawataki mtu ajue limetoka kwa nani. Wanalipeleka klabuni kwa mkono wa mtu mwingine, na siku likiimbwa wanakaa ukumbini na kutazama nani anainuka. Siri hiyo ilindwe. Lakini wapo wengi wanaotaka kutajwa na hawatajwi, wanasikia beti zao harusi baada ya harusi huku watu wakidhani mwimbaji kazitoa kichwani mwake. Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki tangu 2003 na taasisi yake ya kuisimamia, COSOZA, lakini sheria haifiki kwenye sinia la ukumbi wa harusi saa sita za usiku. Pale wanaotawala ni wenyewe: kiongozi wa kikundi, mshereheshaji, mwenye harusi. Mtunzi aulizwe kama anataka kutajwa. Akikubali, jina lake lisemwe kwenye kipaza sauti kabla fidla hazijaanza, ili anayeinuka ajue anakwenda kwa nani, na akiwa ukumbini aonyeshwe alipokaa, na njia ya kumfikia yeye nayo iachwe wazi.